Anza na Giza: Jinsi ya Kupiga Tukio la Noir

Watu hunitumia vipande vya video wakiniuliza mbona havifanani na noir, ule mtindo wa filamu za uhalifu za nyeusi na nyeupe zilizojaa vivuli. Mhusika kavaa kofia na koti refu, sigara ipo, moshi upo, rangi zimeondolewa zote, na bado picha imekaa kama tangazo la benki. Huwa natazama sehemu moja tu: chini ya kidevu. Kama hapana kivuli hapo, au kipo lakini ukingo wake haujulikani unapoanzia, najua taa za dari ziliachwa zikiwaka na kilichofanyika ni kuvaa nguo.

Mimi ni fundi wa taa. Kamera naishika nikilazimika. Kwa hiyo mwongozo huu unaelemea upande wangu: taa zitapewa nafasi kubwa, lenzi nafasi ya kiasi, na habari za makoti tutawaachia mafundi wa mavazi.

Zima kila kitu

Kazi inaanza kwa kuzima. Zima taa ya dari, ya ukutani, ya kabatini, hata ile nukta nyekundu ya televisheni. Madirisha yazibe kwa kitambaa cheusi kizito au kadibodi, na mianya ya pembeni uibandike gundi ya karatasi. Simama humo ndani mpaka macho yazoee, halafu tafuta mwanga unapenya wapi. Chumba kikishakuwa cheusi kabisa ndipo una mahali pa kuanzia, na kila taa utakayoiwasha baada ya hapo lazima ijieleze imekuja kufanya nini.

Katika picha za kawaida fundi hujaza chumba mwanga, kisha akarekebisha. Hapa unakwenda kinyume, na kinyume hicho ndicho noir yenyewe. Waliotengeneza mtindo huu Hollywood miaka ya 1940 walikuwa na sababu zao. Waongozaji Fritz Lang, Robert Siodmak, Billy Wilder na Edgar G. Ulmer wote walikuwa wamepitia sinema ya Berlin, ambako kivuli kilishapewa kazi ya kusimulia tangu miaka ya 1920. Sababu nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi, ni pesa. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, serikali ya Marekani iliweka kikomo cha dola 5,000 za vifaa vipya vya kujengea seti kwa kila filamu. Ukuta usioonekana hauhitaji mbao wala rangi. Ulmer alipopiga Detour (1945) kwa bajeti ndogo sana, wahusika wake walitembea usiku wa New York ambao kwa kweli ni ukungu mzito na vibao vya majina ya mitaa. Mji wenyewe haupo. Kwa hiyo usinambie huna vifaa.

Kikwazo chako kikubwa kitakuwa ukuta mweupe. Utawasha taa moja upande wa kulia, na ukuta wa kushoto utaurudisha mwanga ule usoni kwa mhusika, kivuli chote kiyeyuke. Tiba yake ni kitambaa cheusi. Kitundike upande wa kivuli, karibu na mhusika kadiri fremu inavyoruhusu, kiumeze mwanga unaorudi. Kisha msogeze mhusika mbali na ukuta wa nyuma, mita mbili au tatu kama chumba kinakubali. Vyumba vingi havikubali. Basi piga kwenye pembe ya chumba, kwa mshazari, ili upate umbali mrefu zaidi.

Taa moja inayokata

Kuna mwanga laini na kuna mwanga unaokata. Tofauti yao haitokani na nguvu ya taa. Inatokana na ukubwa wa chanzo ukilinganisha na kitu kinachomulikwa. Dirisha kubwa siku ya mawingu ni chanzo kikubwa: kivuli chake hakina ukingo. Balbu ndogo iliyo uchi, mita nne kutoka kwa mhusika, ni chanzo kidogo: kivuli chake kina ukingo kama wa karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Noir ya miaka ya 1940 imejengwa kwa mwanga wa namna hii ya pili. Studio zilitumia taa zenye lenzi ya Fresnel, ambazo unaweza kubana mwanga wake au kuutawanya. Wewe unaweza kutumia balbu moja ya LED isiyo na kifuniko cheupe kama maziwa, taa ya kurunzi yenye kioo cha kukuza, au taa ya simu. Taa ya simu ni chanzo kidogo sana, na vivuli vyake ni safi ajabu. Udhaifu wake ni nguvu, kwa hiyo itakufaa kwa uso au kitasa cha mlango, haitakufaa kwa chumba kizima.

Taa za LED za bei ya chini hupepesa bila jicho kuona, ila kamera huona. Umeme wa hezi 50 unataka shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, ya sekunde 1/50 au 1/100. Wa hezi 60 unataka 1/60 au 1/120. Ukiona mistari inapanda kwenye skrini, anza kukagua hapo.

Sasa umbali, na hapa naomba utulie nami kidogo kwa sababu hesabu hii itakuokoa kuliko kifaa chochote cha kununua. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Mweke mhusika mita 1 kutoka kwenye taa, na ukuta ulio nyuma yake uwe mita 3 kutoka kwenye taa hiyohiyo: ukuta unapata moja ya tisa ya mwanga alioupata yeye. Karibu unapotea. Sasa irudishe taa nyuma, mhusika awe mita 4 na ukuta mita 6. Ukuta unapata karibu nusu, na kivuli chake kinasimama juu yake waziwazi. Kwa hiyo taa moja, balbu ileile, inakupa picha mbili tofauti: ya karibu inakupa mtu aliyezungukwa na giza, ya mbali inakupa mtu na kivuli chake. Amua kwanza unataka ipi. Wengi huweka taa pale waya ulipofika, kisha wakaanza kuhangaika na mipangilio ya kamera.

Uwiano nao una hesabu yake. Picha ya vichekesho huwa na upande wa mwanga uliozidi upande wa kivuli mara mbili hivi. Noir inaanzia mara nane, yaani stopu tatu (kila stopu huzidisha mwanga mara mbili), na mara kumi na sita si ajabu. Huhitaji kipimo. Funga mwangaza wa kamera kwenye shavu linalomulikwa, kisha tazama shavu lingine: ukiweza kuhesabu nyusi za upande ule, bado hujafika.

Namna ya kupata mahali pa taa ni kuishika mkononi. Mkalishe mhusika, zima vingine vyote, kisha mzunguke polepole na taa yako, juu, pembeni, chini, nyuma kidogo ya sikio, huku mwenzako akitazama kwenye skrini ya kamera. Kuna pembe ambayo uso utageuka ghafla kuwa wa mtu mwingine. Atakwambia, na hapo ndipo utaweka stendi. Nicholas Musuraca, aliyepiga Out of the Past (1947), alipenda kuweka taa chini, kana kwamba mwanga unatoka kwenye taa ya mezani au kwenye moto. Taa ya juu ya dari huwapa watu wote uso mmoja; taa ya chini humpa kila mtu uso wa peke yake, tena mara nyingi ule asiotaka kuuonyesha.

Kivuli hujengwa

Hapa ndipo pesa ndogo inapofanya kazi kubwa. Mistari ya pazia la vibao imekuwa alama ya noir, na waliotazama Double Indemnity (1944) wanaikumbuka sebule ile aliyoipiga John F. Seitz, mwanga wa jua ukiingia vipande vipande na vumbi likielea ndani yake. Vumbi lile lilikuwa chembechembe za metali zilizopulizwa hewani. Usijaribu. Mapafu ya waigizaji wako si sehemu ya bajeti. Mashine ya moshi inatosha, au mvuke wa maji ukiwa na subira, mradi mwanga utoke nyuma au pembeni. Moshi ukimulikwa kutoka upande wa kamera huwa ukungu mweupe unaofuta weusi wote ulioutafuta kwa jasho.

Mistari yenyewe haihitaji pazia. Kata nafasi za kulala kwenye kadibodi ngumu, ukiacha upana sawa kati ya nafasi na nafasi, uisimamishe kati ya taa na mhusika. Kadibodi ikiwa karibu na mhusika, mistari inakuwa myembamba na yenye ukingo mkali. Ikisogea kwenye taa, inakuwa mipana na kuyeyuka. Taa ipande juu kuliko kadibodi na isogee pembeni kidogo, mistari ilale mshazari. Mistari iliyonyooka sambamba na sakafu inaonekana kama karatasi ya daftari. Na mwache mhusika atembee ndani yake. Mistari inapopanda na kushuka juu ya uso unaosogea ndipo mtazamaji anahisi kitu, hata asipojua amehisi nini.

Nikisema kweli, nimeichoka pazia ya vibao. Kila mtu anaifanya. Tafuta kivuli ambacho tukio lako linakimiliki: nguzo za ngazi, mgongo wa kiti, tawi nje ya dirisha, waya wa seng'enge, herufi zilizoandikwa kwenye kioo cha mlango wa ofisi. Chombo kingine ninachokitumia kuliko vyote ni kadibodi mbili tupu. Zisimamishe mbele ya taa, moja juu na moja chini, uache mwanya mwembamba katikati, na utapata ukanda mmoja wa mwanga unaopita machoni mwa mhusika huku paji la uso na mdomo vikizama. Rahisi, na bado unamfanya mtu aliyekaa kimya aonekane ana mpango.

Mwanga nao uwe na mahali ulipotoka. Si lazima chanzo kionekane kwenye fremu, ila mtazamaji akiulizwa aweze kukisia: taa ya barabarani, gari lililopita, mlango uliofunguliwa. Katika The Third Man (1949), mtu amejificha mlangoni gizani, tunaona viatu tu. Dirisha la jirani linawashwa ng'ambo ya barabara na uso wake unatokea. Mwanga ule ni taa ya filamu bila shaka, lakini dirisha limeupa sababu, na sababu ndiyo iliyofanya lile tukio likumbukwe mpaka leo.

Nyuso

Usimulike uso kwa sababu tu ndiye nyota. Mwanzoni mwa The Killers (1946) Burt Lancaster amelala kitandani akingoja wauaji, na uso wake umeachwa ndani ya kivuli. Tunamsikia mtu aliyekwisha kukata tamaa kabla hatujamwona vizuri. Jiulize kila mara: katika sentensi hii anayosema, anaficha nini? Halafu mfiche kiasi hicho.

Kofia ina shida yake. Ukingo wake hutupa kivuli machoni, na taa ya juu huwafanya watu wote waonekane vipofu. Shusha taa kuu mpaka ipite chini ya ukingo, au weka taa ndogo sana karibu na lenzi, iliyofifishwa kiasi cha kutoongeza mwanga wowote usoni isipokuwa nukta kwenye mboni. Nukta hiyo ndiyo tofauti kati ya mtu aliye gizani na tundu jeusi lenye kofia.

Kuhusu ngozi nyeusi, vitabu vya zamani havitakusaidia sana, maana filamu zile zilipigwa kwa kupimia nyuso nyeupe. Wengi huongeza nguvu ya taa ya mbele, na wanachopata ni uso bapa. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao. Kwa hiyo peleka taa pembeni na nyuma kidogo, ikwaruze shavu, taya na daraja la pua. Na upande mmoja uweke ubao mweupe wa mita moja hivi nje ya fremu, usimulike uso bali ujiangaze kwenye ngozi kama mstari mrefu wa mng'ao. Mafuta kidogo ya ngozi yanasaidia. Poda inaua kila kitu. Usisahau ukingo wa mwanga begani na kichwani, la sivyo nywele zitaungana na giza la nyuma. Pima mwangaza kwenye ule mng'ao, si kwenye shavu zima. Kwa maoni yangu hakuna ngozi inayoifaa noir zaidi ya hii, na inashangaza imechukua muda gani watu kuliona hilo.

Kamera

Lenzi pana, kamera chini, tundu la lenzi dogo ili vya mbele na vya nyuma vyote vionekane wazi. Hiyo ndiyo namna iliyozoeleka, na mpiga picha Gregg Toland ndiye aliyewaonyesha wengi njia kwenye Citizen Kane (1941), filamu ambayo si noir lakini mafundi wa noir waliisoma kwa makini. Tundu dogo linataka mwanga mwingi, kwa hiyo na taa yako moja huenda ukalazimika kuchagua. Mimi ningechagua weusi safi kuliko fokasi ndefu. Ukipandisha sana ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, weusi unajaa chembe zinazotambaa, na giza lenye chembe zinazotambaa halitishi mtu.

Weka vitu kati ya kamera na mhusika: kiti, chupa, bega la mtu mwingine. Msukume mhusika kwenye kona ya fremu, uache nafasi tupu upande ambao anauogopa. Vioo vitumie, ila kwa uchache. Na kamera isitembee bila kuitwa. Katika filamu hizi fremu hutulia, kinachosogea ni mwanga na watu ndani yake.

Kuinamisha kamera upande: hapa watu huzidisha. Carol Reed aliinamisha sana kwenye The Third Man, na alisimulia mwenyewe kwamba mwongozaji mwenzake William Wyler, alipoiona, alimpelekea pimamaji aiweke juu ya kamera safari nyingine. Utani ule una ushauri ndani yake. Inamisha pale tu jambo limeharibika kwenye hadithi, kisha irudishe kamera sawa, mtazamaji apate kuona tofauti.

Nje, usiku

Mwagia maji barabara. Lami kavu hutawanya mwanga kila upande na kubaki kijivu hafifu. Lami yenye maji hugeuka kioo, kila taa iliyo mbele yako inajirudia chini, na unapata mwanga maradufu bila kuongeza balbu. Maji yasituame, yang'ae tu, na uyarudie kati ya pigo na pigo kwa sababu yanakauka upesi kuliko unavyodhani. Angalia pia nani anapita hapo na pikipiki.

Taa kubwa iwe mbali, mbele ya kamera, ikimulika kuelekea kwako kutoka nyuma ya wahusika. Kama una moshi au ukungu, huhitaji zaidi. Tukio la mwisho la The Big Combo (1955), lililopigwa na John Alton, ni watu wawili wakiwa vivuli vitupu mbele ya ukungu wenye mwanga, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba seti haikuonekana. Alton aliandika pia kitabu kuhusu kazi hii mwaka 1949. Kitafute.

Kijivu

Weka skrini ya kamera ionyeshe nyeusi na nyeupe tangu mwanzo, hata kama unarekodi kwa rangi. Macho yako yatakudanganya vinginevyo: gauni jekundu mbele ya ukuta wa kijani linaonekana kali ajabu, kumbe kwa kijivu vinaweza kuwa kitu kimoja. Jaribu nguo zote mbele ya kamera kabla ya siku ya kazi.

Kwenye programu ya kuhariri usibofye tu kitufe cha kuondoa rangi. Tumia chaneli, yaani nyekundu, kijani na bluu, kila moja peke yake. Ukipandisha nyekundu, ngozi inang'aa na makovu yanapungua. Ukishusha bluu, anga inakuwa nyeusi. Kisha shusha weusi, lakini usiuponde wote. Katika noir nzuri kuna sehemu moja ya giza isiyo na kitu kabisa, na nyingine ambayo ukikaza macho unaona kuna kiti. Na kila pigo liwe na angalau kitu kimoja cheupe kabisa, japo kola ya shati, ili jicho lijue weusi ni mweusi kiasi gani.

Mwisho, itazame kazi yako kwenye simu, nje, saa sita mchana, maana wengi wataitazama hivyo. Kama huoni kitu, usikimbilie kunyanyua weusi. Nyanyua ule upande uliomulikwa, nusu stopu hivi, na uache kivuli pale kilipo.